Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: kutunga hadithi sio kupanga sentensi nne

Shikamooni wakubwa zangu. Nawaandikia wote mnaoshika elimu ya msingi, kuanzia wizarani na TAMISEMI, mnaoandaa mitaala pale TET, mnaotunga mitihani pale NECTA, mpaka maafisa elimu wa wilaya na kata ambao ndio tunaonana nao huku chini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, kijijini, mkoa wa Tanga huku kwenye mkonge, mwaka wa 14 sasa nipo darasani. Jina la shule siliweki kwasababu ninachokisema sio cha shule moja, mwalimu yeyote wa Kiswahili akisoma hii barua atajua naongea nini.

Nianze na Juma na mwembe.

Mwaka juzi niliwapa darasa la sita jaribio, nikalitunga mwenyewe kwa mfano uleule wa mtihani wa darasa la saba. Sehemu ya Utungaji nikaweka sentensi nne zilizovurugwa. Mama akamkimbiza zahanati. Juma alipanda mwembe wa jirani. Juma akiona mwembe siku hizi anazunguka njia nyingine. Tawi likakatika akaanguka. Mtoto kazi yake ni kuzipa herufi A, B, C na D zikae kwa mtiririko, na jibu kila mtu analiona, kapanda, tawi limekatika, kakimbizwa zahanati, sasa anaogopa miembe. Darasa zima wakapata. Binti mmoja akakosa zote nne, maana yeye ile ya kuzunguka njia nyingine ndio aliipa A, na ukishaharibu ya kwanza zote zinasogea. Nikamkosesha kama mwongozo unavyotaka. Akaja mezani kwangu na karatasi yake, hakulia wala hakubisha, akasema mwalimu mimi nilitaka anayesoma ajiulize kwanza huyu Juma kwanini anaogopa mwembe.

Wakubwa zangu, nilikaa na ile kalamu nyekundu nikakosa la kumwambia. Yule mtoto alichokifanya ndicho kinachofanywa na kila msimulizi mzuri niliyewahi kumsikia, bibi yangu mimi mzaa mama alikuwa akitaka kutusimulia habari ya fisi anaanza na mfupa uliokutwa mlangoni asubuhi, fisi mwenyewe anakuja baadae sana wakati tumeshaogopa. Mtoto wa miaka 12 kagundua siri hiyo peke yake, hakuna aliyemfundisha, na mimi mwalimu wake nimempa sifuri.

Sasa hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi tuna sehemu inaitwa Utungaji na mtoto hatungi chochote. Anapewa sentensi alizotunga mtu mzima, anazipanga, alafu anaenda kwenye ile fomu ya OMR, ya kusahihishwa na mashine, tuliyoanza nayo 2012 anaweka kivuli kwenye kiduara kwa penseli. Mtoto anaweza kusoma miaka saba, akafaulu Kiswahili kwa alama A, akaenda sekondari, na hajawahi hata siku moja kuandika ukurasa mmoja wa hadithi iliyotoka kichwani kwake. Nasema anaweza kwasababu nimewafundisha hao watoto, nimewapigia makofi siku ya matokeo.

Na msiseme mtaala haukukataza kufundisha utungaji, najua haukukataza. Mtaala wenyewe unataja ubunifu, mada ya kutunga hadithi kwenye kitabu ipo, na azimio la kazi huwa naijaza kabisa. Ila nyie mnajua shule inavyokwenda. Kinachotoka kwenye mtihani ndicho kinachofundishwa. Kuna mitihani ya ujirani mwema, ile shule jirani tunafanya pamoja, kuna ya kata, kuna moko (mtihani wa majaribio) ya wilaya, kuna moko ya mkoa, darasa la saba wanawekwa kambi wanasolvu pasti pepa mpaka usiku kwa taa ya sola, na katika zote hizo hakuna inayomwambia mtoto chukua karatasi tupu uandike. Mwalimu anayetumia kipindi chake cha dakika 40 kwenye kitu ambacho hakitoki anaonekana anachezea muda wa watoto wa watu, na kikao cha tathmini kikifika anasimama peke yake kujibu.

Huku chini kabisa ndio kuandika kumepewa maana nyingine. Darasa la kwanza na la pili tuna KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na K ya kuandika tunaifundisha kama mwandiko, herufi ikae kwenye mstari, a ifunge mdomo, g mkia wake ushuke. Ni sawa, lazima ajue. Alafu darasa la nne kuna imla, mimi nasema wewe unaandika nilichosema. Kwahiyo mtoto anakua anajua kuandika ni kuchora vizuri maneno ya mtu mwingine. Ukimpa karatasi tupu darasa la tano ukamwambia andika hadithi yako anakuangalia kama umemwambia aruke ukuta, anakuuliza, mwalimu tuandike nini? Ubaoni huandiki?

Mara ya kwanza nimewaambia darasa la tano waandike hadithi ilikuwa 2017. Watoto 83. Nilikusanya madaftari nikaenda nayo nyumbani kwenye kikapu, nikaanza kusoma kwa taa, na kumi za kwanza zote ni Siku moja nilienda kwa bibi likizo. Nikadhani wamekaa dawati moja wameangaliziana. Nikaendelea, ni hivyo hivyo. Walienda kwa bibi, bibi akafurahi, wakala ubwabwa na kuku, likizo ikaisha wakarudi, hadithi yangu inaishia hapo inatufundisha tuwapende bibi zetu. Na wengine bibi zao naishi nao mtaa mmoja, hawajawahi kusafiri kwenda kwa bibi yoyote. Ilikuwa ni hadithi ambayo mahali fulani walisikia kwamba ndio inayotakiwa na shule. Zile chache zilizobaki zilikuwa za sungura na fisi, nakili ya kitabu.

Hawa ni watoto ambao nje ya darasa ni hatari. Wasikilizeni wakienda kuchota maji, wasikilizeni wakirudi mpirani, namna wanavyosimulia jinsi mbwa wa mtu fulani alivyomkimbiza fulani, wanaigiza sauti, wanaongeza chumvi, wanaficha la mwisho mpaka mwisho. Sisi wenyewe tumekua tunaitikia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo unaitwa kwa jina lake, unakaribishwa ndani, watu wanaukalia kitako. Pwani wanaanza paukwa, pakawa, na kila mtoto aliyepo anajua kuanzia hapo sungura anaruhusiwa kuongea. Ukimleta mtoto huyohuyo darasani ukampa kalamu anaogopa kuandika uongo, kwasababu shuleni uongo unapigiwa fimbo. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kwenye hadithi ruhusa ipo.

Basi kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwapa ile ruhusa kwa mdomo wangu. Nilianza Jumamosi, hiari, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba za walimu, nikawaambia leo tunakuja kusema uongo. Walikuja 9. Nikawaambia kila mmoja atoe kitu mfukoni au aokote kitu chini. Mmoja alitoa kifuniko cha soda, mmoja kiberiti kisicho na njiti, mmoja aliokota unyoya wa kanga, yule ndege. Nikasema, hicho kitu kinataka nini? Wakacheka. Nikarudia, hicho kifuniko kinataka nini usiku watu wakilala? Aliyekishika akafikiri sana akasema, kinataka kurudi kwenye chupa yake. Nikamuuliza na nani anakizuia, akasema chupa imeshauzwa kwa wale wanaonunua vyupa na imepelekwa Tanga mjini. Nikasema haya, sasa kitaendaje Tanga? Wale wengine wote wakanyamaza wakamgeukia, wanataka kujua. Hiyo tayari ni hadithi fupi wakubwa zangu. Kuna mtu, hata kama ni kifuniko, anataka kitu, kuna kinachomzuia, na anafanya jambo. Sikuandika ubaoni mwanzo kati na mwisho, sikutaja msuko wala dhamira, hayo watayasoma sekondari.

Nilijifunza mengi kwa kukosea. Mwanzoni nilikuwa nawaambia waandike hapohapo, wanakwama, kwahiyo nikabadilisha, kwanza unamsimulia mwenzako aliyekaa pembeni, na mwenzako ana kazi moja tu, akuulize pale asipoelewa au pale anapotaka zaidi. Ndipo unaandika. Mtoto akishasimulia kwa mdomo maneno yanakuja na sauti yake, hata kama bibi kwenye hadithi anaongea Kisambaa basi aongee Kisambaa, kuna maneno bibi hawezi kuyasema kwa Kiswahili yakabaki na ukali wake. Pili niliweka kalamu nyekundu pembeni. Andiko la kwanza sisahihishi herufi. Ameandika kurara badala ya kulala, naiona, naiacha. Nikianza kuzungushia herufi anaacha kuniambia simba alifanya nini anaanza kuandika maneno anayoyajua tahajia yake tu, na maneno hayo ni machache, hadithi inakauka. Makosa tunayashika andiko la pili, akishajua anachotaka kusema, na hapo anayarekebisha kwa hamu kwasababu anataka isomeke vizuri mbele ya wenzake.

Kingine ni vitu vya kushika. Mtoto akiandika simba alikuja kijijini, namuuliza uongo gani huu mwepesi, nani ataamini? Alikuja saa ngapi? Nani alimuona kwanza? Alikuwa na nini? Anafikiri anarudi na: simba alikuja saa ya kuanika mahindi, sikio moja lina tope kavu, kuku wote wakapanda juu ya paa la choo. Hapo na mimi namuona simba. Uongo wa hadithi unabebwa na vitu vya kweli, kuku juu ya paa la choo ndio wanaofanya simba aaminike.

Na nilipiga marufuku fundisho. Hili walimu wenzangu wengi hawakubaliani na mimi na naelewa, sisi tumefundishwa hadithi lazima ifunze. Ila nimeona kwa macho yangu mtoto akijua mwishoni lazima aandike tunajifunza kwamba tutii wazazi, hadithi nzima anaipindisha tangu mstari wa kwanza ifike huko, mhusika anakuwa mtoto mbaya anayepigwa na gari kwasababu alikataa kutumwa. Zinakuwa hadithi za kutisha watoto zilizoandikwa na watoto. Nikiwaambia hakuna fundisho, simama pale jambo lilipoisha, wanashangaa, alafu wanaandika vitu ambavyo sijawahi kuviona.

Yule binti wa Juma na mwembe alikuja Jumamosi moja na hadithi ya kanga, hii ya kuvaa. Naifupisha hapa ingawa inaniuma kuifupisha. Kanga ya bibi inamuamsha mtoto usiku, inamwambia wewe unajua kusoma, naomba unisomee, mimi sijui nimeandikwa nini. Bibi hajui kusoma na kanga yenyewe haiwezi kujiona. Mtoto anawasha tochi ya simu anasoma, Usisafirie nyota ya mwenzio. Kanga inaanza kulia. Kumbe bibi aliivaa kwenye harusi kwa jirani, na tangu hapo jirani amekata salamu, bibi hajui kosa lake, anashinda anauliza watu nimefanya nini. Kanga inasema kesho anataka kunivaa tena kwenye arobaini, naomba umwambie anigeuze ndani nje. Mtoto anaogopa kumwambia bibi kwasababu bibi ataona aibu kwamba hajui kusoma. Asubuhi mtoto anamwagia kanga uji kwa makusudi.

Inaishia hapo. Anamwagia uji kwa makusudi. Niliisoma mara tatu nimesimama. Mtoto huyu anajua aibu ya mtu mzima ilivyo, anajua namna ya kumlinda mtu bila kumwambia, anajua wapi pa kukata. Na kwenye karatasi zetu za majaribio alikuwa anapata wastani, hakuna sehemu kwenye rekodi za shule inayoonyesha kwamba mtoto huyu yupo.

Kuna mwingine, kijana wa kuchunga mbuzi, alikuwa haongei darasani mpaka nikadhani ana tatizo la masikio. Yeye aliandika habari za ndoo. Sisi huku bombani ndoo zinalala kwenye foleni, mwenyewe unaenda kulala unarudi alfajiri. Akaandika usiku watu wakiondoka ndoo zinaongea, zinaulizana kwenu mko wangapi, na kuna ndoo moja imetoboka chini imezibwa kwa sabuni na kitambaa, wenzake wakakubaliana wanaisogeza mbele kidogo kidogo kila usiku bila watu kujua, ili ichote wakati maji yana kasi, maana ikichota taratibu yote yanavuja. Alipomaliza kuisoma chini ya mwembe watoto walikaa kimya, alafu mmoja akasema, ya kwetu ndio ile ya sabuni. Tangu siku hiyo kijana anaongea.

Najua mtaniambia watoto ni wengi. Ni kweli, nina darasa lina watoto zaidi ya 80, wanakaa watatu dawati moja, nikisema nisahihishe insha zote kila wiki silali. Ila hamna ulazima wa kusahihisha zote. Watoto wanasomeana wao kwa wao, mimi nachukua tano kwa siku, nazisoma kwa makini, naandika chini sentensi moja tu ya kuuliza, kwa mfano kwanini hakumwambia bibi? Ndani ya mwezi nimemfikia kila mmoja. Shida niliyoipata haikuwa wingi wa watoto. Aliwahi kuja ofisa mmoja kukagua, akafungua daftari la hadithi akakuta kurasa hazina tiki nyekundu, akaandika kwamba mwalimu hasahihishi kazi za wanafunzi. Nilimueleza, hakuelewa, na simlaumu kwasababu fomu aliyokuja nayo haikuwa na nafasi ya kuandika kitu kama hicho. Fomu hiyo nyie ndio mnaweza kuibadilisha, mimi siwezi.

Na mtaniambia kwenye mtihani wa taifa watahiniwa ni zaidi ya milioni 1, nani atasoma insha milioni 1. Wenzetu Kenya walizisoma. KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa na insha ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza, dakika 40, alama 40, mtoto anaandika kwa mkono wake na mwalimu anasoma kwa macho yake, miaka na miaka mpaka mtihani wenyewe ulipofanyika mara ya mwisho 2023, na wao pia walikuwa wamevuka milioni. Kwahiyo inawezekana. Ila naomba tusiende kuiga macho yamefumba, maana na wao walipata ugonjwa wao. Watoto walikaririshwa mapambo, kila hadithi inaanza mtoto amerauka alfajiri na mapema, ndege wanatumbuiza, jua linachomoza mashariki kwa mbwembwe, methali tatu kabla hajatoka kitandani, kwasababu mapambo yaliaminika kuleta alama. Utamkuta mtoto anajua maneno makubwa kuliko mimi na hadithi haina kitu ndani. Mkileta insha kwenye mtihani wetu mkaweka mwongozo wa kuhesabu methali na tamathali za semi, vitabu vya mapambo vitauzwa stendi ndani ya wiki mbili, na yule mtoto wa kanga atakosa tena.

Ndio maana ninachoomba sio tu swali jipya. Watoto walioanza darasa la tatu na mtaala mpya Januari 2024 watamaliza darasa la sita 2027, hao ndio wa kwanza kwenye msingi wa miaka sita, mtihani wao lazima mtautengeneza upya, na sasahivi ndio muda wa kuutengeneza. Ondoeni zile sentensi nne za kupanga au zipeni jina lingine, zikae kwenye ufahamu huko, neno utungaji libaki kwa mtoto kutunga. Kama ukurasa mmoja wa kuandika siku ya mtihani ni mzigo, basi kila mtoto awe na daftari lake la hadithi tangu darasa la tatu, hadithi mbili kwa muhula, liwe sehemu ya tathmini endelevu, na walimu wa kata nyingine waje kusoma wachukue chache kwa kubahatisha kama tunavyofanya ujirani mwema. Mwongozo wa kusomea uwe mfupi. Je, nilitaka kujua kitakachofuata? Je, kuna kitu humu sijawahi kukiona kwa mtoto mwingine? Je, naona na kusikia mahali penyewe? Herufi na nukta zipate alama zake kidogo, zisitangulie.

Vyuo vya ualimu navyo. Mimi nilifundishwa namna ya kufundisha herufi, silabi, ngeli, sijawahi kufundishwa namna ya kumkalisha mtoto akatunga, na wala chuoni sikuwahi kuambiwa nitunge hata hadithi moja. Mwalimu ambaye hajawahi kuandika hadithi anaogopa kuifundisha, anakimbilia kwenye ngeli kwasababu ngeli zina jibu. Wapeni wanachuo wiki mbili tu za kuandika na kusomeana hadithi zao, watatoka tofauti.

Alafu vitabu. Serikali imeleta vitabu vya hadithi, miradi imeleta, Mradi wa Vitabu vya Watoto upo tangu 1991 na mimi nimewahi kushika vitabu vyao vizuri sana. Vingi vimefungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, kwasababu kikipotea kimoja ataulizwa. Naomba tamko lenu, la maandishi, kwamba kitabu cha hadithi kilichochakaa kwa kusomwa au kilichopotea mkononi mwa mtoto sio deni la mwalimu mkuu. Mstari mmoja tu kwenye waraka na makabati yatafunguka nchi nzima. Mtoto hawezi kutunga kama hajala hadithi za wengine, na bibi wa kusimulia jioni siku hizi wamepungua, hata waliopo wanaangalia tamthilia ya Kituruki kama sisi.

Na kuna jambo ambalo halihitaji hela mpya kabisa. UMITASHUMTA kirefu chake ni Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Taaluma imo kwenye jina. Kila mwaka watoto wanatoka shule, kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa, wanakimbia, wanacheza mpira, wanaimba kwaya, wanapiga ngoma, na tunawapokea na vuvuzela. Wekeni mashindano ya hadithi humohumo. Mtoto asimame mbele ya uwanja asome hadithi aliyoitunga mwenyewe dakika tano. Mashindano ya insha tuliyonayo, yale ya SADC na ya Afrika Mashariki, ni ya sekondari na mada zake ni za maendeleo na mtangamano, mazuri ila hayamuulizi mtu ndoo zinaongea nini usiku. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ilianza kutolewa 2023 na baadae ikaongezwa hadithi za watoto, nilifurahi sana, lakini hizo ni za watu wazima wanaowaandikia watoto. Ongezeni na za watoto wenyewe. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare zikachapishwa akiwa Rais, nchi changa, ina shida zote, na alipata muda wa kukaa na maneno, sidhani kama angeona tunachezea muda.

Nina haraka kidogo na hili jambo kwasababu shule ya msingi ya serikali ndio mahali ambapo mtoto wetu anasoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Akivuka kwenda kidato cha kwanza, Baiolojia Kiingereza, Jiografia Kiingereza, karibu kila kitu Kiingereza, na Kiswahili kinabaki somo lenye fasihi ya kuchambua vitabu vya wengine. Kama hajaonja kutunga kwa lugha anayootea ndoto kabla hajavuka, sioni ataonja lini. Tarehe 7 Julai kila mwaka tunasherehekea Kiswahili duniani, tunavaa fulana, tunasema lugha yetu imefika UNESCO. Hao wa kuiandika miaka 30 ijayo ndio hawa nilionao darasa la tano, kwa sasa wanaweka vivuli kwenye viduara.

Yule binti alimaliza darasa la saba. Sehemu ya Utungaji nilimfundisha mwenyewe namna ya kupanga vile wanavyotaka, nilimwambia ukiwa kule chumba cha mtihani usianze na woga wa mwembe. Akanielewa, alifaulu. Bado naona vibaya kwamba nilimfundisha hivyo.

Madaftari yote ninayo, kuanzia 2017, yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda nimeyafunga na kamba ya katani kila mwaka fungu lake. Siyatumi kwa posta naogopa kupotea. Ila mkimtuma mtu kutoka wizarani au pale mitaala au popote, aje Jumamosi, mapema kabla ya saa nne jua halijawa kali, siku hizi tunakuwa 30 hivi chini ya mwembe. Aje na kitu kimoja mfukoni, chochote.